Sentensi ya Fundi wa Lifti

Kwa miaka ishirini na miwili Shangazi alijua mwanzo wa habari za watu, mwisho wake hakuujua. Alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa, katika chumba cha chini karibu na ngazi, chenye kiti kimoja cha kuzunguka na mtambo wa vitaa vyekundu. Simu ikiita alitaja jina la hospitali, akasikiliza maneno matatu au manne, akawa keshajua mtu apelekwe wapi. "Samahani dada, mke wangu aliletwa jana usiku na..." Wodi ya wazazi. "Hivi, ule mguu wangu..." Mifupa. Alibonyeza, kitaa kikazimika, na yule mtu akaenda zake na habari yake. Sheria ya kazi ilikataza kusikiliza zaidi ya hapo, naye hakusikiliza, ingawa kuna siku masikio yalimwasha. Mke alijifungua salama? Mguu ulipona? Hakuna aliyewahi kupiga tena kumwambia.

Sasa, mtu akifanya kazi moja muda wote huo, kazi humwachia kilema chake. Mshonaji hupata mgongo. Shangazi alipata ugonjwa wa kuwamalizia watu sentensi. Hujafika katikati, yeye keshafika mwisho anakungoja. Mumewe alikuwa ameacha kujisumbua miaka mingi iliyopita. Alisema tu, "Mama watoto, ile..." na ile ikaletwa. Majirani walimwona mwerevu wa ajabu, na kwenye simu alikuwa mwerevu kweli, maana sekunde alizookoa zilikuwa za mtu mwenye mgonjwa mikononi.

Kisha hospitali ikanunua mashine. Ukipiga simu leo unaambiwa ubonyeze moja, ubonyeze mbili, ubonyeze tisa urudi ulikotoka, na mgonjwa wako yuko hapo anakutazama. Sitaisema sana hiyo mashine, maana nikianza sinyamazi. Shangazi hakufukuzwa. Alihamishiwa stoo ya mafaili, chumba kirefu chenye rafu mpaka darini, ambamo hakuna wa kuzungumza naye. Alikaa humo mwaka na miezi miwili. Asubuhi moja alijikuta anamsalimia panya, tena kwa heshima zote, na siku hiyohiyo akakata shauri.

Kituo kimoja cha lugha, vituo viwili vya basi kutoka hospitalini, kilikuwa kimetangaza mafunzo ya wiki sita kwa wanaotaka kufundisha Kiingereza watu wazima ambao hawakukulia katika lugha hiyo. Kiingereza alikuwa nacho, tena kizuri, cha kuongea na madaktari wageni na wauza dawa. Akachukua likizo zake zote alizolimbikiza, zikatosha wiki sita kamili. Aliambiwa mambo mawili siku ya kujiandikisha. Kwanza, kituo kinatafuta mwalimu wa darasa la saa kumi alasiri, na atachukuliwa kutoka miongoni mwa watakaofaulu. Pili, kila mtu atafundisha masomo sita ya majaribio, na akianguka matatu, basi. Kwa wenzake "basi" ilikuwa kwenda kujaribu kitu kingine. Kwake ilikuwa stoo.

Wenzake walikuwa watano, wote wa umri wa kuwazaa, nao ndio waliomwita Shangazi tangu asubuhi ya kwanza. Mkufunzi wao alikuwa mwanamume mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi. Utaratibu wake ulikuwa huu: mwanagenzi mmoja anafundisha dakika arobaini mbele ya wanafunzi halisi, na wengine wanakaa viti vya nyuma na fomu. Kila fomu ina jambo lake. Mmoja anachora mishale kuonyesha nani amesema na nani. Mwingine anaandika kila swali la mwalimu. Wa tatu anashika saa ya michezo na kupima sekunde zinazopita kati ya swali la mwalimu na neno lake linalofuata. Hiyo ndiyo iliyoitwa fomu ya kusubiri, na Shangazi alipoiona aliicheka. Kusubiri nako kunapimwa?

Somo lake la kwanza lilikuwa la kujitambulisha. Wanafunzi walikuwa kumi na moja, wamekaa nusu duara, wametoka kazini na uchovu wao. Alikuwepo Mama Vitambaa, mwenye duka la nguo na sauti ya kulifikia soko zima. Alikuwepo pia mzee mmoja wa miaka kama sitini, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono, kucha zina weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni. Alikuwa fundi wa lifti. Zamu yake ilipofika alisimama, akashika mgongo wa kiti, akaanza kwa Kiingereza. Hapa nayaweka maneno yake kwa Kiswahili, lakini yeye aliyatoa neno mojamoja, kama mtu anayeshusha vyombo vya kioo kabatini.

"Mimi ninajifunza Kiingereza... kwa sababu... mwanangu..."

"Yuko ng'ambo!" Shangazi alimalizia, uso umejaa furaha.

Fundi alimtazama. Akatazama darasa. "Ndiyo," alisema, akaketi. Watu wakampigia makofi.

Baada ya somo walikaa chumba cha wanagenzi kwa tathmini. Binti aliyeitwa Mrefu, kwa sababu alikuwa hivyo, ndiye aliyeshika saa. Alisoma fomu yake kwa kusitasita, maana alikuwa na adabu. Wastani wa kusubiri wa Shangazi ulikuwa nusu sekunde. Sentensi za wanafunzi alizozimalizia zilikuwa kumi na tisa.

"Shangazi," Mkufunzi alisema, "yule bwana wa lifti ulimuuliza swali?"

"Nilimuuliza."

"Nani alijibu?"

Shangazi alifikiri kidogo. "Tulijibu," alisema, na chumba kizima kikacheka, yeye mwenyewe akiwemo. Lakini somo hilo alianguka.

Alianguka na la tatu. La pili na la nne alipita kwa kunusurika, kwa kuwa moja lilikuwa la kusoma kimya na jingine la kuandika. La tano alipita kwa kumweka Mama Vitambaa aulize maswali mwenyewe, na Mama Vitambaa akiuliza hakuna mwenye nafasi ya kumalizia chochote. Likabaki la sita, na hilo lingetazamwa na mtathmini kutoka nje.

Wakati huohuo mtoto wa Fundi alikuwa anaendelea vizuri huko ng'ambo. Wanagenzi huachiana maelezo ya wanafunzi, na kwenye daftari iliandikwa: Fundi, mwanawe ng'ambo. Basi Mrefu alipofundisha hali ya hewa, alimuuliza Fundi kule kwa mwanawe kukoje. Fundi alijibu kwamba kuna baridi. Somo la kazi za watu lilipofika, mtoto akawa mhandisi. Kwenye somo la familia alioa. Kila mara Fundi alijibu kwa neno moja na kuketi, na kila mara mtoto alipanda cheo. Shangazi alimchagua yeye kwa insha ambayo kila mwanagenzi hutakiwa kuandika juu ya mwanafunzi mmoja, na alikwishajaza kurasa mbili juu ya baba anayemkumbuka mwanawe aliye mbali. Zilikuwa kurasa nzuri. Mkufunzi alizisoma, akamuuliza swali moja tu: "Haya amekwambia yeye?"

Kilichovunja mambo ni mpwa wa Mama Vitambaa. Alikuwa amepata nafasi ya masomo huko kwenye baridi, na Mama Vitambaa alimfuata Fundi mlangoni na karatasi yenye siku na saa ya ndege. "Mzee wangu, mwanao ampokee tu, ni binti hana mtu kule." Fundi aliipokea karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Siku iliyofuata hakuja. Wala ya pili.

Shangazi alishindwa kuvumilia. Alichukua namba kwenye daftari, akapiga wakati wa chai, amesimama kwenye ngazi za kituo. Simu ilipopokelewa nusura ataje jina la hospitali.

"Shikamoo, mzee. Ni mwalimu wako, yule mtu mzima."

"Marahaba, Mwalimu. Naumwa kidogo."

"Pole sana, mafua haya yamewakamata..."

"Si mafua." Ilikuwa mara ya kwanza kwa Fundi kumkatalia jambo, na inaonekana alipata nguvu hapo. "Wala siumwi. Mwalimu, mimi sina mtoto ng'ambo."

Shangazi alikaa kwenye ngazi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Wewe umeshafurahi, watu wananipigia makofi. Nikaona yaishe. Nikasema ndiyo. Halafu nikaulizwa hali ya hewa." Alikohoa. "Sasa nina mhandisi, nina mkwe, nina binti wa watu anakwenda kupokelewa uwanja wa ndege na mtu ambaye hayupo."

Shangazi alitaka kucheka na alitaka ardhi ifunguke, yote kwa wakati mmoja. Lakini juu ya yote mawili kulikuwa na kitu kingine kinamkuna. "Basi siku ile ulitaka kusema nini?"

"Ile sentensi niliitunga wiki nzima, Mwalimu. Niliazima kamusi ya mjukuu. Kwa Kiswahili sitaki kuisema. Kwa Kiswahili itakuwa malalamiko ya mzee. Nataka niiseme kwa Kiingereza, mwenyewe, mpaka mwisho."

"Njoo Alhamisi. Ni somo langu la mwisho."

"Utaniacha niseme?"

"Nitakuacha."

Alisema hivyo kwa urahisi. Kisha akakata simu na kugundua kwamba hajui kabisa jinsi ya kufanya hilo jambo.

Insha aliichana. Jioni, nyumbani, alianza mazoezi na mtu aliyekuwa karibu. Mumewe alikuwa kwenye meza ya jikoni anamenya viazi. Shangazi alikaa mbele yake, akamuuliza siku yake ilikuwaje, kisha akabana midomo na kuhesabu kimoyomoyo.

"Nzuri," mumewe alisema. Akaendelea kumenya. Alipofika kiazi cha pili aliinua macho, akamkuta mkewe anamtazama kimya. "Kuna nini?"

Shangazi alihesabu sita, saba.

"Umekasirika," alisema mumewe. "Ni lile bomba? Nitalitengeneza kesho." Nane, tisa. "Kama ni dada yangu amekupigia, mimi sikumwambia aje. Alijialika." Kumi, kumi na moja. "Haya, nilivunja ile sahani ya bluu. Nilifukia vipande bustanini."

Shangazi alistaajabu. Hakuwa amejua lolote kati ya hayo, na yote yalikuwa yamekaa hapo, upande wa pili wa sekunde kumi. Alianza kujiuliza ni nini hasa kinachotokea kichwani mwa mtu katika ule ukimya ambao yeye siku zote aliuona shimo la kuzibwa haraka.

Jibu alilipata Jumanne. Mkufunzi aliingia darasani akawafundisha wanagenzi wake nusu saa ya lugha ambayo hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia, bila neno la maelezo, kwa vidole na vitu tu: kikombe, ufunguo, kiatu. Alifanya makusudi, wajue kunakuwaje upande ule. Akamnyooshea Shangazi ufunguo. Neno alilijua. Alilisikia linakuja, liko kooni, lina silabi tatu na ya kwanza keshaishika, na hapo Mrefu, kwa wema wake wote, akamnong'oneza. Shangazi alihisi hasira ambayo hakuitegemea, ya mtu aliyepokonywa tonge akiwa ameshafungua mdomo. "Nilikuwa nalo!" alimaka, kwa Kiswahili, mbele ya wote. Mkufunzi aliweka ufunguo mezani, akaendelea na kiatu.

Ndipo Shangazi alipozikumbuka zile sentensi kumi na tisa, na kwa mara ya kwanza hazikumchekesha.

Alhamisi mtathmini alikuwa keshafika kabla ya saa kumi, mama mmoja mnyamavu mwenye jalada la kijani, akachagua kiti cha pembeni karibu na dirisha. Kabla hawajaingia, Mkufunzi alimvuta Shangazi pembeni ya korido. "Ukisubiri, nitakuwa na la kusema kwa ajili yako. Usiposubiri, sitakuwa na la kukutetea." Shangazi aliitikia kwa kichwa.

Somo lilihusu kueleza sababu. Alianza na jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wake ulioandikwa. Alisema kwa Kiingereza chepesi, polepole, kwamba wiki ya kwanza alimtilia Fundi maneno mdomoni, kwamba Fundi hana mtoto ng'ambo, na kwamba kosa ni lake yeye mwalimu.

Mama Vitambaa alishika kifua. "Na baridi yote ile?"

"Nilikuwa najibu swali," alisema Fundi kwa unyenyekevu. Alitoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akamrudishia. Alikuwa ameinyoosha na kuikunja upya.

Zikasemwa sababu za wengine, za kazi, za mitihani, za dawa zenye maelezo yasiyosomeka. Kisha zamu ikafika. Fundi alisimama, akashika mgongo wa kiti.

"Mimi ninajifunza Kiingereza, kwa sababu mwanangu..."

Akakwama.

Shangazi alikuwa na mwisho. Ulikuja wenyewe, kama kitaa chekundu, umekamilika mpaka nukta, na alikuwa na hakika nao kuliko alivyowahi kuwa na hakika na kitu. Ulimi ulikwishanyanyuka. Aliushusha. Alishika ukingo wa meza. Nyuma aliona Mrefu amebonyeza saa. Mtathmini aliacha kuandika. Fundi alikuwa anatazama sakafu, midomo inachezacheza, na mwanafunzi mmoja akafungua mdomo kumsaidia, Shangazi akamzuia kwa kiganja. Alimtazama Fundi usoni na kuona kwamba pale hapakuwa na shimo lolote. Mzee alikuwa kazini. Alikuwa anatafuta neno, anapata lisilofaa, analirudisha, anashika jingine. Sekunde kumi zilipita. Kule nje gari lilipiga honi. Sekunde kumi na saba, kwa hesabu ya Mrefu.

"Mwanangu na watoto wake," alisema Fundi, "wanaongea Kiingereza mezani. Wanacheka." Akameza mate. "Na mimi nacheka."

Akashika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Sijui nacheka nini. Nataka kujua."

Mama Vitambaa, ambaye wiki zote sita hakuwahi kukaa kimya dakika moja, alikuwa anatazama magoti yake. Shangazi alibaki ameshika ukingo wa meza, akangoja. Ikawa bahati, kwa sababu Fundi alikuwa hajamaliza.

"Jumapili," alisema, "wanacheka. Mimi sicheki. Mimi nauliza: nini?" Alitazama darasa zima, mmoja baada ya mwingine. "Mwanangu ananionyesha simu yake. Kuna paka. Paka anaogopa tango."

Alifikiri kidogo, kwa haki, kama mtu anayeikagua lifti kabla ya kuipitisha.

"Haichekeshi," alisema, akaketi.

Darasa lilipasuka. Walicheka mpaka mtathmini akavua miwani, na Fundi safari hii alijua wanacheka nini, akacheka nao. Baada ya hapo mpango wa somo haukuonekana tena. Kila mtu alikuwa na meza yake nyumbani, au ofisi yake, au dirisha la benki, mahali alipowahi kucheka bila kujua, na kila mtu alitaka kusema, kwa makosa tele na kwa haraka, na zile dakika arobaini zikaisha Shangazi akiwa amesema maneno ambayo Mrefu aliweza kuyaandika yote kwenye nusu ukurasa.

Walimwita baada ya robo saa. Mtathmini alisema zoezi la tatu na la nne halikufanyika, na lengo lililoandikwa halikufikiwa. Akasema pia kwamba amefaulu, na kwamba darasa la saa kumi linaanza Jumatatu. Shangazi alishukuru, akajaribu kufunga mkoba wake, zipu ikamshinda.

Mkufunzi alimfuata mpaka mlangoni. "Zile sekunde kumi na saba," alisema. "Nilikuona. Ulikuwa na jibu mdomoni."

"Nilikuwa nalo."

"Lipi?"

Shangazi aliinamisha uso. Alichukua muda, na Mkufunzi akamwachia.

"Kwamba mwanawe amekufa," alisema. "Wiki ya kwanza nilimpeleka ng'ambo, Mkufunzi. Leo nilikuwa namzika, na pole nilikuwa nimeshaiandaa."